Mkono wangu, kifua cha mama

Kwetu tunasema fulani anachomwa mionzi, kama tunavyosema fulani kachomwa na uji. Neno ni lilelile. Pengine ndiyo maana mama alipoanza mionzi ya saratani ya titi pale Ocean Road, Dar es Salaam, mimi mwenye kovu la mafuta kuanzia bega la kushoto hadi karibu na kiganja, na tena mfanyakazi wa maabara, nilijiona mwenyeji. Kuungua ni kuungua, nikasema moyoni. Nikaingia kumuuguza na maarifa ya karai, na wiki ya kwanza tu nikaharibu.

Nianze na karai lenyewe.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 9. Mama alikuwa anakaanga samaki Feri, enzi zile soko jipya halijajengwa, na sisi tulikaa ng'ambo, Kigamboni. Shule zikifungwa nilikuwa navuka naye kwa pantoni ya alfajiri. Kazi yangu kuparua magamba na kuchota maji. Siku hiyo, saa tisa alasiri, nilibeba ndoo ya utumbo wa samaki kwenda kumwaga, nikakanyaga magamba yangu mwenyewe, kiwiko kikagonga sikio la karai. Mafuta yakashuka mkono mzima na sehemu ya ubavu. Mpaka leo nausikia ule mlio: chwaa, uleule wa changu anapotumbukia.

Akina mama wa Feri ni wepesi. Yowe la kwanza halijaisha, mmoja keshaleta dawa ya meno, mwingine kavunja yai, wa tatu anauliza nani ana manyoya ya sungura. Maji yalikuwepo, ndoo zimepangwa mstari. Mmoja alipoinua ndoo wenzake wakamshika mkono: "Usimtie maji, atatoka malengelenge!" Nimelisikia neno hilo mara nyingi tangu siku ile, hata kutoka kwa watu waliosoma. Malengelenge yanatoka kwa sababu ngozi imeshaungua, maji hayana hatia. Joto linaendelea kupika nyama ya ndani hata baada ya karai kuondolewa, na maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 ndiyo yanayolitoa. Ukichelewa bado yanasaidia, mradi hazijapita saa tatu. Barafu haifai. Na dawa ya meno inaleta ubaridi wa kudanganya, kisha inaganda, na atakayekuja kuikwangua ni nesi, na atakayekwanguliwa ni wewe.

Mama akanivusha nyumbani kwa bibi, kwa sababu bibi ndiye aliyekuwa hospitali yetu. Bibi akaniosha lile yai, akanipaka asali. Kwa asali simlaumu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2015 yaliona kwamba majeraha ya moto yasiyozama sana yanapona mapema kwa asali kuliko kwa bendeji za kawaida. Kosa la bibi lilikuwa saa. Alinilaza mkekani magharibi ikaingia, nikawa nasikia baridi mwezi wa Desemba, naomba maji, nayatapika, naomba tena. Mjomba aliporudi kazini akaninyanyua kope kwa kidole, akasema, "Mama, huyu hatumlazi hapa." Tukarudi pantoni. Tulifika hospitali saa tatu usiku.

Nesi hakuuliza tumefika saa ngapi. Aliuliza, "Kaungua saa ngapi?"

"Saa tisa, sista," mama akajibu.

Akahesabu kwa vidole mpaka sita, akaguna, akamwita daktari. Dripu niliyotundikiwa ilikuwa inakimbia, haidondoki tone moja moja kama ya yule mtoto wa kitanda cha pili.

Nimekuja kuielewa ile guno nikiwa chuoni. Mtu akiungua eneo kubwa, mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja mwili mzima, hata pale ambapo hakuungua. Majimaji ya damu yanatoka na kukaa kwenye nyama. Mgonjwa anavimba kwa nje huku ndani anakauka. Miaka ya 1960 daktari mmoja wa Dallas, Charles Baxter, wa hospitali ya Parkland, alitoa hesabu ambayo mpaka leo inafundishwa: mililita 4, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia ya ngozi iliyoungua. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole kinahesabiwa kama asilimia 1. Mimi nilikuwa na kilo 25 na nimeungua kama asilimia 15. Nne mara 25 mara 15 ni 1,500, yaani lita moja na nusu kwa saa 24, mbali na maji yenye sukari ambayo mtoto anahitaji hata asingeungua. Nusu ya lita hiyo na nusu inatakiwa iishe ndani ya saa 8 za mwanzo. Na hapa ndipo penye mtego: saa hizo zinaanza kuhesabiwa mafuta yalipomwagika, si mgonjwa alipopokelewa. Kwangu zilikuwa zinaisha saa tano usiku. Mililita 750 ambazo zilipaswa kuingia taratibu tangu alasiri zilibakiwa na muda wa saa mbili tu.

Hesabu yenyewe ni ya kuanzia. Baada ya hapo mwenye neno ni mkojo. Usiku kucha nesi alikuwa anakuja na chupa yangu, anaiinua usawa wa macho kwenye taa, kama muuza mafuta ya taa anayeogopa kuzidisha kipimo. Mtoto akipata kama mililita 1 kwa kila kilo kwa kila saa, figo zinaishi. Alfajiri akamwambia mama, "Anakojoa vizuri, mama." Mama anasema hajawahi kusikia sentensi tamu kama hiyo.

Mengine nitayapitisha haraka, maana wodi ya walioungua haina hadithi nzuri. Krimu nyeupe ya silva, asubuhi na jioni. Gozi la bendeji lililokauka na kushikana na kidonda, likivutwa. Wiki ya tatu ngozi iliyokufa ikaondolewa, nikapandikizwa ngozi ya pajani. Nilipokuja kusoma, nikakuta kwamba Zora Janzekovic, daktari wa Maribor, Slovenia ya leo, alishaonyesha mwaka 1970 kwamba ngozi iliyokufa ikikatwa siku za mwanzo na pengo likafunikwa hapohapo, mgonjwa anateseka muda mfupi na vijidudu vinakosa pa kukaa. Nilifunga kile kitabu nikaenda kunywa chai. Wiki tatu.

Kiwiko kilipinda kwa sababu ya huruma. Mkono ulioungua unapata nafuu ukikunjwa, na bibi alikuwa akinikunjia kwa mto ili nilale. Usiku nesi anaufunga kwenye ubao uwe umenyooka, mchana bibi anaufungua. Ngozi mpya inakomaa kwa kujivuta, na inajivuta kuelekea kule ulikoizoesha. Nilitoka hospitali na kiwiko ambacho mpaka leo hakinyooki chote.

Mwaka 2019 mama akaonekana na uvimbe kwenye titi la kushoto. Akafanyiwa upasuaji, kisha akaanza dripu za kemo, yaani dawa za saratani. Katikati ya kemo ikatokea ile ya Msamvu, Morogoro: tarehe 10 Agosti lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, ikalipuka. Waliokufa, pamoja na waliofia hospitali siku zilizofuata, walizidi 100. Majeruhi wengi waliletwa Muhimbili. Nilikwenda kutoa damu, nikiwa nimekunja mkono wa kulia wa shati kama kawaida yangu, na kwa mara ya kwanza niliogopa kuwaza kwa asilimia. Mimi wa asilimia 15 niliazima ngozi pajani. Wa asilimia 80 anaazima wapi?

Swali hilo ndilo limewakesha watafiti kwa miongo. Mwaka 1975 Howard Green na mwenzake James Rheinwald, Marekani, walifanikiwa kuotesha seli za ngozi ya binadamu kwenye vyombo vya maabara. Mwaka 1983 ndugu wawili wadogo kutoka Casper, jimbo la Wyoming, waliungua zaidi ya asilimia 95; kwa kipande kidogo cha ngozi yao wenyewe, Green na madaktari wa Boston waliwaoteshea ngozi ya kufunika karibu nusu ya mwili, wakaishi. Ni ngozi nyembamba, haina jasho wala kinyweleo, na inachukua kama wiki tatu kuota. Ndani ya wiki tatu hizo unamfunika mgonjwa kwa nini? Huko Boston, John Burke na Ioannis Yannas walitengeneza ngozi ya bandia kwa kolajeni ya ng'ombe na gegedu la papa. Nilimsimulia mama hayo ya papa akiwa na dripu ya kemo mkononi. Akasema, "Basi Feri tungekuwa matajiri."

Hakuwa mbali. Fortaleza, Brazili, watafiti wa chuo kikuu cha shirikisho cha Ceará wamekuwa wakifunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato. Sato huyuhuyu, perege, ambaye kwetu ngozi yake ikiwa haikuliwa inatupwa. Ina kolajeni nyingi, inashika unyevu, inakaa juu ya kidonda siku kadhaa bila kubadilishwa, na kila anayejua maana ya kubadilishiwa gozi asubuhi na jioni ataelewa kwa nini nilisoma ukurasa ule nimesimama. Walipoilinganisha na krimu ya silva, wa ngozi ya samaki walibadilishiwa bendeji mara chache zaidi. Tafadhali usibandue samaki wa sokoni ukambandika mtu. Ngozi ile inaoshwa kwa dawa, inalowekwa kwenye gliseroli, kisha vijidudu vinauliwa kwa mionzi ya gama. Mionzi. Ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inamsubiri mama.

Kabla ya mionzi kulikuwa na sindano moja ninayotaka kuitaja. Kemo iliangusha chembe nyeupe za damu za mama. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiona namba kwenye mashine nikarudia kipimo, nikidhani mashine imekosea. Daktari akaandika filgrastimu, sindano ya kuuhimiza mwili utengeneze chembe hizo. Niliibeba kwenye kibebeo cha barafu, ndani ya daladala, nimekikumbatia kama mayai. Baadaye nikasoma kwamba dawa hiyohiyo ilipitishwa Marekani Machi 2015 kwa ajili ya watu waliopigwa na mionzi mikali, kama ya bomu la nyuklia, na wameiweka kwenye maghala ya akiba ya taifa lao. Mionzi mwili mzima inaua uboho, na uboho ndio kiwanda cha damu. Kipimo cha mionzi kinaitwa grei. Grei 4 kwa mpigo mmoja, mwili mzima, zinatosha kuua karibu nusu ya watu wasiotibiwa. Dawa kama hiyo haiwezi kujaribiwa kwa watu, maana hakuna mtu wa kumpiga mionzi kwa makusudi ili uone. Ilijaribiwa kwa nyani, chini ya kanuni ambayo Wamarekani waliiweka mwaka 2002 kwa dawa za aina hiyo.

Chernobyl, mtambo wa nyuklia uliolipuka Ukraine mwaka 1986, ndiko dunia ilikofundishwa kwa ukatili. Wafanyakazi na wazima moto 134 walithibitika kuugua ugonjwa wa mionzi, 28 wakafa ndani ya miezi michache. Waliopandikizwa uboho walikuwa 13 na faida yake ilikuwa ndogo mno. Kilichowamaliza wengi wao kilikuwa ngozi: walikuwa wamechomwa na mionzi ya beta, kidonda kiko wazi, na chembe nyeupe za kukilinda hazipo. Ukiungua kwa mafuta, uboho wako mzima unakuja kukupigania. Ukiungua kwa mionzi ya mwili mzima, askari hawapo kambini.

Sasa kosa langu.

Siku ya kwanza Ocean Road mama alilazwa mezani, wakampima, wakamchora kifuani na kwapani kwa kalamu ya wino. Mistari, misalaba, pembe. Alirudi nyumbani amechoka, ananuka dawa, na dada yangu akamwandalia maji. Mimi ndiye niliyemwambia, "Msugue vizuri, dada, ngozi iwe safi kabla ya kuchomwa." Ilikuwa sauti ya mkono wangu inayosema: kidonda kichafu ndicho kinachooza. Dada akachukua dodoki na sabuni ya kipande. Mama akatoka bafuni anang'aa, hana mstari hata mmoja.

Kesho yake mtaalamu wa mashine alimtazama kifuani kwa muda mrefu. "Mama, nani amekufuta?"

"Wanangu wananipenda," mama akasema.

Hakugomba. Wakapima upya, siku ikapotea. Alinivuta pembeni akanieleza taratibu kwamba ile mistari ndiyo njia ya mwale; ikihama sentimeta, wanachoma pasipohusika na kuacha panapohusika. Aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ajikaushe kwa kugusisha kanga, asijisugue, asivae sidiria ya kubana. Nikamwambia nimemwandalia krimu ya silva, nimpake nene asubuhi kabla ya kuja. Akatikisa kichwa. Tabaka nene la krimu linafanya dozi zaidi iishie juu ya ngozi. Kumbe ningemchoma mama zaidi kwa dawa ya kuungua.

Dozi yake ilikuwa grei 50. Nilishtuka, nikikumbuka zile 4 zinazoua. Lakini zake zilielekezwa kifuani tu, na zilikatwa vipande 25, grei 2 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, ili seli nzima zipate usiku wa kujikarabati.

Na wiki ya kwanza hakuna kilichotokea. Wala ya pili. Ngozi ilikuwa ileile. Nilianza kuambia watu simuni kwamba mama ana ngozi ngumu, hachomeki. Wiki ya tatu ikawa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Ya nne ikaanza kuwasha na kupukutika. Wiki ya tano kwapani pakachanika, pakawa panatoa maji. Tukamaliza, tukachinja kuku, jirani wakaja. Siku nane baada ya kuku, kwapa lilikuwa baya kuliko siku yoyote ya mionzi. Mama akaniuliza, "Baba, wameshaacha kunichoma, mbona bado naungua?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nililipata pantoni, nikivuka kwenda kumwona. Moto unapiga seli zote zilizopo, papo hapo, kama bomu linalowalipukia abiria waliokwisha panda pantoni. Mionzi inafanya kitu kingine: inafunga geti la barabarani. Wale waliokwisha ingia kwenye banda la kusubiria wanaendelea kupanda kama kawaida, pantoni inaondoka imejaa, inarudi, inaondoka tena. Ukiangalia majini huoni tatizo lolote. Tatizo linaonekana pale banda linapobaki tupu. Ngozi yetu inazaliwa chini na kupanda juu kwa takriban wiki nne. Mionzi inazipiga seli za chini zinazozaa. Za juu zinamaliza zamu yao bila habari, zinapukutika kama kawaida, halafu hakuna wa kushika nafasi. Na geti likifunguliwa leo, banda halijai leo. Ndiyo maana ubaya unafika kileleni wiki moja au mbili baada ya matibabu kwisha.

Nilimweleza mama hivyo hivyo, na pantoni yake. Akasema, "Kwa hiyo tunasubiri foleni." Tulimfunika kwa gozi lenye mafuta, tukamwachia upepo, mkono ukakaa juu ya mto mbali na ubavu. Siku ya ishirini pakafunga.

Ucheleweshaji huu ndio umewadanganya watu tangu mionzi ilipogunduliwa. Henri Becquerel, aliyegundua mionzi ya urani, mwaka 1901 alibeba kichupa cha radiamu mfukoni mwa kizibao. Siku kadhaa baadaye ndipo alipoona ngozi imeungua chini ya mfuko. Miaka 104 baadaye, Desemba 2005, mfanyakazi wa ujenzi Chile aliokota kipande cha chuma chenye iridiamu inayotoa mionzi, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Alipelekwa hospitali ya kijeshi ya Percy, karibu na Paris. Kwa moto, daktari wa upasuaji anakata akiongozwa na macho: pale penye damu inayotoka anasimama. Kwa mionzi macho hayafai, maana nyama inayoonekana nzima leo inaweza kuwa imeshahukumiwa kufa mwezi ujao. Wafaransa wakachora kwanza ramani ya dozi ndani ya mwili wake, wakakata kwa kufuata ramani, kisha wakamchoma sindano za seli shina zilizooteshwa kutoka uboho wake mwenyewe. Maumivu yakapungua, kidonda kikafunga. Nilisoma habari hiyo nikakumbuka mistari ya kalamu. Nayo ilikuwa ramani, na mimi niliifuta kwa dodoki.

Mjomba, yule aliyeninyanyua kope, siku hizi ananunua vyuma chakavu. Nilimsimulia ya Goiânia, mji wa Brazili. Septemba 1987 vijana wawili waliingia kwenye kliniki ya mionzi iliyohamwa, wakang'oa kichwa cha mashine, wakauza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani mlikuwa na unga wa siziamu. Usiku mwenye yadi akaona unawaka rangi ya buluu, akaita ndugu na jirani waone maajabu, akawagawia vijipande kama punje za mchele. Watu wakaanza kutapika na kuharisha, wakidhani ni chakula. Mke wake ndiye aliyeshtuka, akaweka mabaki kwenye mfuko, akapanda basi kuyapeleka ofisi ya afya. Walikufa wanne, wakiwemo yeye na mtoto wa miaka 6. Watu zaidi ya 110,000 walipimwa, 249 wakakutwa na unga huo.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. "Alitumia basi?"

"Basi, mjomba."

"La abiria?"

Nikamchorea ile alama ya hatari ya mionzi, feni yenye mapanga matatu, na ile mpya nyekundu ya mwaka 2007, yenye fuvu na mtu anayekimbia. Nikamwambia pia kitu cha maabara: mtu aliyegusa kitu kama hicho akitapika ndani ya saa moja, hali si nzuri, na damu ipimwe leo, ipimwe kesho, ipimwe keshokutwa, kwa sababu limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, zinashuka kwa kadiri ya dozi, na namba moja peke yake haisemi kitu. Mjomba alibandika karatasi juu ya mizani yake. Vijana wake wanasema ni alama ya feni iliyoharibika, lakini angalau wanauliza kabla ya kupasua.

Mama aliambiwa amepona. Mwaka wa pili bega likaanza kukaza. Ngozi ya kifuani ikawa ngumu kama ya ngoma iliyoanikwa juani, na mkono wa kushoto ukawa unagoma kupanda juu ya sikio. Mionzi tena, na kalenda yake. Kuna watafiti Ufaransa waliojaribu dawa ya pentoksifilini pamoja na vitamini E kulainisha kovu la aina hii, wakapata matumaini mwaka 2003; waliorudia baadaye hawakukubaliana wote. Daktari wa mama alisema tunaweza kujaribu, lakini kwanza ukuta.

Ukuta ni huu: kila jioni mama anasimama pembeni ya dirisha la sebuleni, anaweka vidole ukutani, anavitembeza kwenda juu kama buibui mpaka ngozi ikatae. Anavuta pumzi tatu, anashuka. Kila Jumapili naweka alama ya penseli pale vidole vilipofika na tarehe pembeni. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kidevu chake. Safari hii sikumruhusu mtu amwekee mto.

Jumapili iliyopita vidole vilifika komeo la dirisha. Nikaweka alama. Mama akaniangalia, akaangalia mkono wangu wa kushoto.

"Na wewe weka."

"Mimi wa nini, mama?"

"Weka, nikuone."

Nikakunja mkono wa shati, nikapandisha. Kiwiko kikakataa palepale kinapokataa siku zote. Mama akachukua penseli sikioni kwangu, akachora alama yangu, kisha akachutama kidogo kupima kwa jicho. Mimi ni mrefu kuliko yeye. Ya kwake ilikuwa juu, kwa upana wa vidole viwili.

"Kesho saa kumi na mbili," akasema, "usije umechelewa."